Hatua Ishirini na Mbili

Kabla wapima hawajaja na darubini ya miguu mitatu,
toka mlango wangu hadi mlango wa Nkwimba
zilikuwa hatua ishirini na mbili.
Nilizihesabu siku moja bila sababu,
nimebeba chumvi kwenye kikombe, nachelea kuimwaga.

Mkuyuni: mimi upande wa mlima, yeye upande wa ziwa.
Mimi maandazi, yeye samaki wa kukaanga,
na wateja walewale, mafuta yaleyale midomoni.

Nyuma ya daftari la madeni
nikaanza kuandika habari za barabara.

Februari. Wamenichorea X ukutani, nyekundu.
Kijana wa rangi akaniomba radhi, kisha akaniomba maji.
Nikampa. Kiu haisubiri fidia.

Aprili. Nimerudi nyuma, Nkwimba naye karudi nyuma,
kama watu wanaopisha jeneza.
Hatua thelathini na tisa.
"Wangaluka!" bado inafika, ila inafika imechoka.

Mei. Leo ni zamu ya lile jiwe tuliloanikia dagaa,
lililokaa kama ng'ombe aliyepiga magoti.
Wamelitoboa mgongoni, wakalishindilia baruti.
Saa nane, honi tatu,
halafu sahani zikacheza kabatini.
Kuku wa Nkwimba hakutaga siku sita.
Mwanangu Sitta kaokota kipande, kakiweka dirishani:
"Mama, huu ndio mkia."

Julai. Boza la maji hupita asubuhi na jioni.
Katikati tunakula vumbi.
Andazi lenye vumbi, shilingi mia mbili.
Lisilo na vumbi, hakuna.

Septemba. Hakuna kazi.
Greda limelala, ndege wameanza kulizoea.
Dereva wake, Lugwisha, anasema mkandarasi hajalipwa,
na kwa hiyo yeye hajalipwa,
na kwa hiyo mimi.
Chai ya siku kumi na nne.
Kurasa za mbele na za nyuma zimekutana kwa jina lake.

Desemba. Wamerudi. Mfereji, zege, ubao wa kuvukia.
Shindilia linanguruma kutwa nzima,
namwona Nkwimba mdomo tu, sauti hakuna.
Tumetunga yetu ya mikono:
viganja viwili juu, unga upo;
ngumi, leo usiniulize.

Machi. Lami.
Hatua sitini na nne.

Usiku wa kuamkia kufunguliwa
tulibeba vigoda, kila mmoja kwa upande wake,
tukakutana katikati, kwenye udongo ulioachiwa nyasi.
Lami ilikuwa bado na joto la mchana, kama mkate.
Nkwimba akasema, "Hapa ndipo lilipokuwa jiko langu."
Nikasema, "Wapi! Jiko lako lilikuwa pale,
kwenye mstari mweupe."
Tukabishana hadi mlinzi akatumulika tochi.
"Akina mama, mnafanya nini hapo?"
"Tunapima," Nkwimba akajibu.
Akazima tochi. Labda aliamini.

Siwezi kuisema vibaya barabara hii.
Sitta alipobanwa kifua usiku wa manane
tulifika Bugando dua yangu ikiwa nusu.
Nimeliandika hilo pia, kwa kalamu ile ile.

Lakini katikati wameweka vyuma,
na kivuko kiko kule chini, karibu na Butimba:
hatua mia saba na arobaini, kwenda tu.
Chumvi naituma kwa bodaboda,
na nauli ni ghali kuliko chumvi.

Leo asubuhi nimesimama ukingoni mwa mfereji.
Basi. Lori la saruji. Basi.
Kisha upenyo, mdogo, wa kufumba jicho,
na ng'ambo, viganja viwili juu.

Naandika: unga upo.